Soksi za Kliniki na Soksi za Shamba

Nimestaafu majuzi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kulala mpaka saa mbili asubuhi. Cha pili ni kuandika haya, kwa sababu vijana niliowaacha kwenye chumba cha vidonda pale Nakuru walinisumbua. "Mzee, utaenda hivyo tu na hizo stori zako zote?" waliniuliza. Mimi si mtu wa hotuba. Siku ya kuagana nilisema asante, nikala keki, nikaenda nyumbani. Basi yachukueni haya badala ya hotuba, na mkiona nimerudia jambo mara mbili, jueni ni lile ambalo hamkulisikia mara ya kwanza.

Kazi yangu ilikuwa miguu. Nilisomea uuguzi kama wenzangu, nikadunga sindano, nikazalisha akina mama, nikakesha wodini, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu nimeikalia kwenye kistuli kifupi, mguu wa mtu mwingine ukiwa juu ya paja langu. Wagonjwa waliniita daktari. Miaka ya mwanzo niliwasahihisha, halafu nikagundua kwamba mtu uliyemsahihisha hasikilizi tena maagizo, nikaacha. Mke wangu aliniita fundi wa miguu, na nadhani yeye ndiye aliyekaribia ukweli.

Watu wakiniuliza ni ushauri gani mmoja naweza kuwapa baada ya kazi yote hiyo, huwajibu: vaeni soksi. Hucheka, kisha husubiri niseme ule ushauri wenyewe. Ndio huo.

Nilianzia Elburgon, kwenye kituo kidogo cha afya karibu na viwanda vya mbao. Asubuhi baridi iliuma masikio na hewa ilinuka mbao mbichi. Nilitarajia kuona vidole vilivyokatwa na misumeno, na kweli vilikuja, lakini wengi walioingia mlangoni walikuwa wakichechemea. Vibanzi vya mbao vilivyozama kwenye nyayo, malengelenge yaliyopasuka, fangasi katikati ya vidole mpaka ngozi imelainika na kunuka. Wapakiaji wa magogo walivaa gumboot tupu. Ukiwauliza soksi ziko wapi, walikutazama kama umewauliza tai iko wapi.

Msimamizi wa kituo alikuwa Sista Rael, mama mrefu, mkimya, mwenye macho yanayoona uvivu kutoka ng'ambo ya barabara. Siku yangu ya kwanza niliingia na karatasi zangu nimezishika vizuri mkononi. Hakuzitazama.

"Vua viatu," aliniambia.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikavua. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kisigino, na ya kulia ilikuwa imekaza pale juu mpaka ikaacha alama ya duara kwenye mguu, mithili ya kamba kwenye shingo ya mbuzi. Sista Rael aliinama akaitazama ile alama, akaibonyeza kwa kidole.

"Hii inaziba damu," alisema. "Na hiyo nyingine inasugua. Sasa wewe utamwambia nani avae soksi?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Jioni ile nilinunua soksi mpya, za pamba, zisizobana, na tangu hapo sijawahi kuvaa soksi bila kuiangalia kwanza. Nyinyi mlionicheka kwa kugeuza soksi zangu ndani nje kwenye chumba cha chai, sasa mnajua tabia hiyo ilitoka wapi.

Sista Rael alikuwa na mbinu chache na alizitumia kwa kila mgonjwa, awe mzee wa kanisa au mlevi aliyeokotwa mtaroni. Alimwambia mtu afumbe macho, kisha akamgusa nyayo kwa njiti ya ufagio na kumwuliza anasikia wapi. Baadaye tuliletewa ule uzi wa nailoni wenye mpini, ambao nyinyi mnaujua, na unafanya kazi ileile kwa heshima zaidi. Mbinu yake ya pili ilikuwa kuingiza mkono ndani ya kiatu. Mkono mzima, mpaka kwenye ncha. Mimi niliona kinyaa. Siku moja alitoa ufunguo wa kufuli ndani ya kiatu cha mzee mmoja mwenye kisukari. Yule mzee alifurahi sana, kwa maana nyumba nzima ilikuwa imepekuliwa kuutafuta. Alikuwa ameukanyaga siku kadhaa bila kujua. Chini ya mguu wake kulikuwa na alama ya meno ya ufunguo, imeanza kutoa usaha.

"Yeye anacheka," Sista Rael aliniambia baadaye tukinawa mikono. "Wewe usicheke. Mguu ambao hausikii hauna mlinzi. Mlinzi wake ni soksi, na mkono wako."

Nieleze hapa, kwa ajili ya wale ambao si wa chumba chetu. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa, mishipa ya hisia ya miguuni hufa polepole. Mtu hupata ganzi. Anafikiri amepona yale maumivu ya kuchomachoma aliyokuwa nayo, anamshukuru Mungu, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mimi na wewe tukiingiwa na kokoto kiatuni tunasimama, tunakung'uta, tunaendelea. Yeye anatembea nalo mpaka jioni. Ngozi inapasuka, uchafu unaingia, na kwa kuwa damu nayo haifiki vizuri, kidonda hakiponi. Ndiyo sababu soksi si pambo. Inanyonya jasho, inazuia kiatu kusugua ngozi, na ikiwa ya rangi nyeupe au ya maziwa inakuonyesha doa la damu kabla hujalisikia. Soksi nyeusi huficha. Nimewaambia haya wakulima wa viazi wengi, na wote wamenijibu kwa swali moja: "Soksi nyeupe kwa shamba ya viazi, daktari?"

Baada ya Elburgon nilipelekwa upande wa Naivasha kwa muda. Huko nilikutana na ugonjwa wa watu wenye viatu vizuri. Vijana wanaofanya kazi kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme kule Olkaria walikuja na buti nzito za ngozi zenye chuma mbele, buti ambazo hata mimi nilizitamani, na ndani ya buti miguu inaoza. Nakumbuka mmoja, kijana mchangamfu aliyeingia akitembea kwa visigino.

"Niaje daktari. Hizi vidole zinawasha mpaka silali," alisema.

Nilipomvua buti, wote wawili tulirudisha vichwa nyuma. Soksi zake zilikuwa za nailoni, zimelowa.

"Umezivaa tangu lini?"

"Hizi ni za job tu. Nikitoka naziacha ndani ya buti, zinakauka zenyewe."

"Zimewahi kukauka?"

Alifikiria kwa uaminifu. "Si sana," alisema.

Hakuhitaji dawa nyingi. Alihitaji soksi za pamba za kutosha wiki nzima, na kujifunza kukausha katikati ya vidole kwa taulo kabla ya kuvaa. Kuosha miguu watu wote wanajua. Kukausha ndiko kunakowashinda, kwa sababu mtu akiinama kidogo anaona inatosha. Na mafuta yasipakwe katikati ya vidole, niliwaambia na ninawaambia tena. Kisigino, ndiyo. Katikati ya vidole, hapana.

Kisha nikaja Nakuru, na hapa ndipo nilipokaa mpaka mwisho. Chumba chetu mnakijua, na kile kitanda kinacholia, na dirisha lisilofungika. Jambo nililolikuta hapa ambalo halikuwepo Elburgon ni kwamba watu wanatoka mbali, na mtu anayetoka mbali kwenda hospitali huvaa. Siku ya kliniki ni ndugu ya Jumapili. Mtu anaamka mapema, anaoga, anapaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, anavaa viatu vya kanisa na soksi za kanisa, zile zilizokunjwa sandukuni. Anapita mbele yako na miguu ya mtu asiyewahi kushika jembe. Unamwuliza kama anavaa soksi. Anainua suruali kidogo akuonyeshe. Hajasema uongo.

Mimi niliwaambia waje na kiatu cha kazi, kama nilivyofundishwa. Wengi waliona ni kumvunjia daktari heshima. Wengine walikileta kimeoshwa kwa sabuni mpaka hakikuwa na ushahidi wowote. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Gitau, na sasa nimefika kwa Mzee Gitau, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nichukue kalamu.

Alikuwa mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, mwembamba, mwenye adabu ya zamani, mtu wa kuvua kofia akiingia. Kisukari alikuwa nacho muda mrefu. Alikuja kwetu mara ya kwanza na kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na nilipompima kwa uzi nikakuta nusu ya mbele ya mguu ule haina habari na dunia. Nilimwuliza kuhusu soksi.

"Daktari, mimi sipingi soksi," alisema. "Lakini gumboot inakula soksi. Ukifika katikati ya shamba, soksi yote iko huko mbele imejikunja kwa vidole. Sasa ni heri kukosa."

Hapo alisema kweli tupu, na yeyote aliyewahi kulima kwa gumboot anajua. Gumboot pana huivuta soksi fupi hatua kwa hatua mpaka inakuwa donge. Donge kwenye mguu wenye ganzi ni baya kuliko kukosa soksi. Tulikaa tukashauriana kama watu wanaotafuta njia ya kufunga lango. Nikamwambia anunue soksi ndefu za wanafunzi, zile za kufika magotini, aingize suruali ndani yake. Alisita kidogo, kwa sababu zile zina mistari ya rangi pale juu.

"Watu watasema nimerudi shule," alisema.

"Waambie umerudi. Hukumaliza."

Alicheka, akakubali. Na nyinyi vijana muelewe kwamba mgonjwa akikubali, hajaanza kufanya. Lakini huyu alifanya. Mkewe, Mama Wairimu, ambaye nilikuwa sijamwona, alimnunulia kwenye marobota ya mitumba, naye akazivaa kila siku. Alilala wodini mpaka kidonda kikafunga, akaenda nyumbani. Baada ya miezi michache alirudi. Kidonda palepale, chini ya kidole gumba.

Nilimtibu. Kikafunga tena, alipokuwa amelala kitandani kwetu bila kazi. Akarudi nyumbani, na kikafunguka tena, safari hii kwa kina. Daktari wa upasuaji alikitazama, akaingiza kifaa chake, akasikia mfupa unakaribia. Ni mtu mwema na hana tabia ya kukata ovyo. Alimwita Mzee Gitau na kumwambia wazi, mbele yangu, kwamba tutajaribu mara hii moja. Kikifunga na kufunguka tena, uchafu utapanda, na itabidi mguu uondoke chini ya goti ili mtu abaki.

Mzee Gitau alivaa kofia yake, akaivua tena. Aliniuliza kama mtu anaweza kupanda viazi kwa mguu mmoja kule kwenye mteremko wao. Nikamwambia wapo wanaojaribu.

Tulikuna vichwa. Vijana wawili mliokuwa zamu wakati ule mlisema mzee anatudanganya, kwamba akifika nyumbani anatupa soksi. Sikuwalaumu, hata mimi nilianza kumtazama kwa jicho hilo. Nilimwuliza moja kwa moja.

"Mzee, sema ukweli. Huko shambani unavaa soksi?"

"Daktari, hata mimi nimeshangaa," alisema. "Navaa kuliko vile mimi huvaa shati."

Nilimwambia alete gumboot. Alileta, kwenye mfuko, imeoshwa. Niliingiza mkono mpaka kwenye ncha, nikatafuta msumari, mkunjo, mpasuko. Hakuna kitu. Soksi alizokuja amevaa zilikuwa nzima, laini, nyeupe, mpya kabisa. Siku ile nilimfunga kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga vizuri, nikampa tarehe ya kurudi, na baada ya wiki mbili nikaona pale pembeni ngozi changa imeanza kuwa nyekundu upya. Ilikuwa haijapasuka, nikamwamuru asitembee. Nilijua ikipasuka kabla ya kliniki inayofuata mguu umeenda.

Jumamosi ile sikuwa zamu, nikapanda kwenda Mau Narok.

Huko juu kulikuwa na ukungu, ngano upande mmoja wa barabara na viazi upande mwingine, na upepo usiotaka utani. Niliwakuta wanavuna. Mzee Gitau alikuwa amekaa kwenye gunia kando ya shamba, kwa amri yangu ya kutotembea, akichambua viazi kwa mikono na kusimamia kwa mdomo. Mama Wairimu alikuwa akishona magunia. Ni mama mfupi, mzito wa mikono, anayeongea bila kupumzika, na alishona midomo ya magunia kwa ile sindano ndefu iliyopinda kana kwamba anafunga kifungo cha shati. Majirani nao walimletea yao.

"Karibu daktari! Tumesikia jina yako mpaka tukazoea," alisema. "Hii kazi usione hivi. Hakuna gunia yangu imewahi kupasuka kwa lori. Hata moja."

Nilipewa chai na viazi vya kuchemsha, na sikuruhusiwa kutaja shida mpaka nimalize. Nilipomaliza, nikasema ningependa kuona soksi za mzee. Mama Wairimu alikimbilia chumbani, akaleta zile nyeupe mpya.

"Hizo nazijua, mama. Nataka zile za shamba."

Alimtazama mumewe.

"Hizo si za kuonyesha daktari," alisema. "Zimezeeka. Nimezishona tu."

"Ndizo ninazotaka."

Zilikuwa zimeanikwa nyuma ya jiko, ndefu, za kijivu, mistari ya rangi imefifia. Alizileta amezikunja mkononi kama mtu anayeficha. Kwa nje zilikuwa safi na zimeshonwa kwa ustadi kweli, pale kwenye kidole gumba ambapo soksi hutoboka kwanza. Nikaingiza mkono. Kidole changu kikagusa kitu, kikasimama.

Lilikuwa fundo. Dogo, gumu, la uzi wa gunia. Nikageuza soksi ndani nje. Kulikuwa na fundo kwenye ile ya kulia, na fundo kwenye ya kulia ya jozi nyingine, na nyingine. Kila moja lilikaa palepale ambapo mzee huyu alikuwa na kidonda. Mama Wairimu alikuwa ameshona kwa uzi usiokatika, kwa sababu wa kawaida ulikatika upesi ndani ya gumboot, na kama mshonaji yeyote mwenye heshima zake alificha mafundo ndani ili mumewe asionekane amevaa viraka. Siku za kliniki alimvalisha mpya ili sisi tusimdharau.

Mzee Gitau aliona kidole changu kiliposimama. Si mjinga. Alinitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, kisha akasema kwa sauti ya juu, "Itakuwa ni hizi mawe ya shamba, daktari. Zinaingia tu."

Nilimwelewa. Kama ningekuwa mgeni wa kawaida ningesema ndiyo, ni mawe, na tungekunywa chai ya pili. Lakini kesho yake asubuhi angepewa soksi ileile. Nikamwonyesha Mama Wairimu lile fundo, nikamweleza kwa maneno machache, nikiangalia chini, kwa sababu sikutaka kuona uso wake.

Hakubisha. Alichukua ile soksi mkononi mwangu, akaigeuza ilivyokuwa, fundo ndani. Akakaa juu ya gunia, akavua kiatu chake, akaivaa. Akaingiza mguu ndani ya gumboot ya mumewe.

"Mama Wairimu, wachana na hiyo maneno," mzee alimwambia.

Alikuwa ameshaanza kutembea. Alishuka mteremko katikati ya matuta ya viazi, gumboot ikimpwaya, akafika kwenye ua wa chini, akageuka. Mimi na mzee tulikaa tukimtazama akipanda. Alipokuwa akishuka alitembea kama kawaida. Alipokuwa akipanda aliukanyaga mguu wa kulia kwa ukingo wa nje. Alipokaribia alikuwa anachechemea waziwazi.

Alikaa, akavua. Kwenye kidole gumba chake palikuwa na doa jekundu, mahali palepale.

"Baba Wairimu," alisema, "umetembea na hii?"

"Sikuwa nasikia kitu, mama."

"Msimu mzima umepanda na hii?"

"Nakwambia sikusikia. Haikuuma."

"Mimi imeniuma kabla nifike hapo kwa ua," alisema, akaanza kulia, akilia kwa hasira, akiupiga ule mguu wake mwenyewe kwa kiganja. Mzee aliinuka, akavunja amri yangu ya kutotembea, akaenda akakaa kando yake kwenye gunia. Sikumkataza. Nimeona miguu mingi ikikatwa na nimesimama imara, lakini siku ile nilimhurumia yule mama.

Tulipotulia tulizungumza ya kazi. Zile soksi zilitupwa. Nilimwambia soksi ya mtu mwenye ganzi haishonwi kidoleni wala kisiginoni. Ikitoboka imekufa, isafishie dirisha. Mpya nazo zina mshono kwenye ncha ya vidole, kwa hivyo azigeuze, mshono utazame nje, hata kama majirani wataona. Avae kavu kila asubuhi. Zisikaushwe kwa haraka juu ya jiko kisha zivaliwe moto, kwa sababu mguu huo hautajua kama unaungua. Na kabla ya kuvaa, mkono uingie ndani.

Kliniki iliyofuata ile ngozi nyekundu ilikuwa imefifia. Iliyofuata hiyo, kidonda kilikuwa kimefunga. Daktari wa upasuaji alikitazama kidole kile kwa muda, akanyanyua kichwa, akauliza soksi zake za nyumbani ziko wapi. Alikuwa ameanza kuuliza kila mtu. Mwaka ukapita na msimu mwingine wa kuvuna, na mguu ukabaki mahali ulipoumbwa.

Mara ya mwisho nilipomwona Mzee Gitau ilikuwa karibu na siku yangu ya kustaafu. Alikuja na soksi zake za shamba, zimegeuzwa, zina udongo, na hakuona haya. Nilimwuliza kama mkewe huingiza mkono ndani kabla ya kumpa, kama nilivyomwagiza.

"Mkono aliacha," alisema. "Anasema mkono wake umekuwa mgumu na kazi, hauwezi kuaminiwa. Yeye huzivaa."

"Anazivaa vipi?"

"Asubuhi, kabla niamke. Anavaa zote mbili, anawasha moto, anakamua ng'ombe, anarudi. Kama hakuna kitu imemfinya, anavua, ananipatia. Kila siku, daktari. Hata zikiwa mpya kutoka duka." Alikuwa akizivuta pole pole, mpaka magotini, mistari ikakaa sawa. "Zinakuja zikiwa na joto ya miguu yake. Hiyo joto mimi naisikia mpaka kwa vidole."

Kwa ninavyoujua mguu ule, jambo hilo haliwezekani. Sikumwambia.